Migongo Tuliyoitundika Rumonge

Ninyi vijana mnaodhani kutundika picha ni kazi ya nyundo na msumari tu, hebu vuteni viti. Mimi nimeifanya kazi hiyo mpaka kiganja changu kikachukua umbo la mpini. Hata leo nikimpa mtu mkono ananiuliza nimeshika nini. Nimetundika picha kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Nimetundika na picha ndogo kiasi kwamba mgeni mmoja aliipiga kofi akidhani ni mbu. Jumba letu la makumbusho lilikuwa likifunga kazi zake kwenye makasha na kuzizungusha nchini, ili mtu asiye na nauli ya kwenda kuziona aonwe na zenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa makasha, kamba, ngazi na lawama.

Aliyenifundisha ni Muzee Pontiani, Mungu amrehemu. Alikuwa hasalimii mtu kabla hajapima ukuta. Alituambia: picha ni mgeni. Mgeni humuweki dirishani akaungua jua, humuweki karibu na choo, wala humpandishi juu mpaka mwenye nyumba aongee naye shingo imekunjika. Katikati ya picha ikutane na macho ya mtu aliyesimama, basi. Kanuni nzuri sana, ila Muzee Pontiani aliipima kwa macho yake mwenyewe, naye alikuwa mfupi kama kinu. Kwa miaka mingi picha za nchi hii zilitundikwa kwa ajili ya watu wafupi, mpaka mgeni mmoja mrefu alipolalamika kwamba maonyesho yote ameyatazama kwa kitovu. Tukapandisha kidogo. Kanuni yenyewe hatukuigusa. Nilipomaliza masomo ya jioni, nikiwa tayari nina wajukuu, diploma yangu niliitundika sebuleni kwa kanuni hiyo hiyo, kwa nivo, kile kichupa cha fundi cha kupimia unyoofu, ikanyooka kuliko aliyeipata.

Sasa niwaambie habari za ile migongo.

Kulikuwa na mchoraji tuliyemwita Muzee Fideli. Ngoma zake kila mtu anazijua: zile picha nyekundu, kubwa, wapiga ngoma wanaruka mpaka unataka kuhama chumba. Alipokufa, ndani ya sanduku lake la nguo wakakuta michoro ya penseli ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Tukafikiri ni ngoma nyingine. Tukafungua. Ilikuwa migongo. Mgongo, mgongo, mgongo. Wanaume wamekaa, wametupa migongo, hakuna hata uso mmoja.

Siri yake haikuwa siri. Muzee Fideli alichukia kutembea kwa miguu kama paka anavyochukia ziwa. Alipokaa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, alikuwa akienda kila mahali kwa taxi-velo, baiskeli ya kubeba abiria, amekaa nyuma kwenye kile kimto, daftari gotini, anachora kilicho mbele yake. Na mbele yake, mabwana, kulikuwa na nini? Ukiitazama michoro vizuri unaiona barabara yenyewe: mstari unakwenda taratibu, unafika penye shimo, unaruka, unatua sentimita mbili pembeni, unaendelea kama hakuna kilichotokea.

Bosi wetu kwenye safari ile alikuwa Madamu Spesi, mwanamke kijana mwenye akili mbili, ya vitabu na ya sokoni, na hazikuwahi kulala zote pamoja. Chini ya kila mgongo aliweka etiketi ndogo: "Mtu asiyejulikana, amekaa."

Tulianzia Kabezi. Watu wa Kabezi ni wapole. Waliingia, wakapita ukuta mpaka ukuta, wakatoka kimya. Mzee mmoja akanivuta pembeni.

"Sha, tuliwafanyia nini?"

"Akina nani, muzee?"

"Hawa. Wote wametupa migongo. Kama kuko kosa, mutuambie, tuombe msamaha."

Nikamweleza kwamba ni sanaa. Alinisikiliza kwa adabu, akarudi ndani, akavua kofia, akaiomba migongo yote msamaha kwa jumla, kisha akaenda zake amefarijika. Nami nikaona bora niache kueleza sanaa.

Rumonge walitupa ghala la zamani la mawese. Nasema ghala, lakini lilikuwa chupa. Mafuta yalikuwa yameingia ukutani miaka na miaka, na jua likipanda kuta zinatoka jasho. Nilipiga msumari wa kwanza, ukaingia kama kidole kwenye ugali, ukateleza, ukatoka umekaangika. Gundi haikushika. Ukuta ule ungeweza kukaanga samaki wa mukeke bila moto.

Shikeni hili: ukuta ukikukataa, omba dari. Nikashuka mpaka Magara kutafuta uzi wa nailoni wa wavuvi, maana hauonekani, na unabeba kuliko kamba. Mvuvi mmoja akaniuliza ninavua nini. Nikamwambia nataka kuning'iniza wanaume wa velo. Akafikiri kidogo, akanipa uzi mnene zaidi. Akanifundisha na fundo lake, lile linaloteleza ukilitaka na kukaza ukiliacha, hivyo kila fremu ikaning'inia kutoka kwenye mbao za paa, naweza kuipandisha au kuishusha kama ndoo kisimani. Nikazipanga zote kwa macho ya mtu aliyesimama. Nivo ikasema ndiyo.

Siku ya kufungua, wanawake wa sokoni walitangulia. Wa kwanza wao hakufika hata kwenye mchoro wa pili.

"Yee. Bukuru," akauambia mgongo. "Bukuru, umekumbuka ulinimwaga na ndagala zangu pale darajani?"

Mwenzake akasogea. "Njo yeye. Ona bega. Bega la kushoto lilikuwaga chini, kama mutu anasikiliza mulango."

Baada ya hapo ghala likawa kama kituo cha taxi-velo. Watu waliisalimia migongo kwa majina, wakaikaripia, wakaipa pole kwa misiba ya zamani. Mkishangaa, fikirini: mtu akikubeba kutoka Rumonge mpaka Gatete, safari nzima unatazama kitu kimoja. Uso wake unauona mkipatana nauli na mkiachana, na mara zote mbili mnabishana, unatazama mdomo. Mgongo ndio unaoujua. Unajua mteremko ulipo kwa namna unavyolegea, unajua kilima kwa namna unavyoloa.

Madamu Spesi alifurahi mpaka akavua viatu. Akasema atafuta "mtu asiyejulikana" na kuandika jina la mtu, mradi familia na majirani wakubaliane. Mgongo baada ya mgongo ukapata jina lake. Ukabaki mmoja tu wenye ugomvi: kijana mwembamba, kofia ya msikitini kichwani, na juu ya bega lake kipande cha barabara na maji ya ziwa.

"Huyu iko Saidi, bwana yangu," alisema Mama Hadija. Alikuwa mama mtu mzima wa mjini, mjane, mshonaji, magoti yake yameanza kuaga.

"Mama, kwa heshima zote, huyu ni baba yangu, Nestori," alisema Melkiyori. Huyo alikuwa mwalimu, amelelewa ukimbizini Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Nestori alikuwa Mukristo. Ile kofia ilimupandia namna gani?"

"Alipewa na abiria wake, kwa ajili ya jua."

"Na jua lilikuwa linachagua Wakristo?"

Watu wakacheka, lakini Mama Hadija hakucheka. Picha zote za Saidi zilizama ziwani siku walipokimbia kwa mtumbwi kwenda Kigoma. Haikubaki hata moja. "Wajukuu wananiuliza, bibi, babu alikuwa namna gani? Nawajibu na mikono tu," alimwambia Madamu Spesi. "Mimi siombi munipe hii kitu. Uandike jina yake. Watoto wakuje, wasome, wamuone. Halafu mubebe, muende nayo kwa amani."

Na muda haukuwa wetu. Penseli inachoka kwa mwanga, vijana, kama mtu anavyochoka kwa maneno. Michoro ya namna ile ikishaonwa msimu mmoja inarudishwa gizani, kwenye boksi, ipumzike miaka. Rumonge palikuwa kituo cha mwisho. Kilichotuweka pale ni kamyo yetu tu, lori la makasha, iliyokuwa kwenye foleni ya mazutu, yaani dizeli, ndefu mpaka waliokuwa mbele na waliokuwa nyuma hawakusikia redio moja. Siku kamyo ikipata, tunafunga. Michoro itakapotoka tena gizani, Mama Hadija atakuwa wapi?

Basi tukaita mashahidi waliopanda velo ya Saidi. Wa kwanza akasema Saidi alikuwa na ndevu. Wa pili akasema hakuwa na ndevu, alikuwa na pengo. Wa tatu, ambaye Saidi alimbeba miaka yote ya ujana wake, alifikiri sana, akasema hawezi kuapa kama alikuwa na uso. Mwingine akaapa kwamba Saidi alikuwa mpana kama mlango wa msikiti, pande zote mbili zimefungwa. Huyo hakuna aliyemsikiliza. Watu wa Rumonge wakisimulia kitu hawakipunguzi, na mimi ndiye wa mwisho kuwalaumu. Mama Hadija mwenyewe alisema aliolewa na mtu mwembamba. Upana ulikuja baadaye, na mawese.

Kwa Nestori ilikuwa vile vile. Dada wa Nestori na mwanawe Melkiyori walitofautiana hata rangi ya velo.

Mama Hadija akasimama tena mbele ya ule mgongo. Akainama, akainuka, akanigeukia mimi.

"Baba, hii kitu iko juu sana."

"Hapana, mama. Hiyo ni kanuni. Katikati ya picha, macho ya mtu aliyesimama."

"Velo wewe unapandaka umesimama?"

Nikamwonyesha nivo.

"Siulizi chupa yenye povu," akasema. "Nakuuliza wewe. Bwana yangu sikumujua nikiwa nimesimama. Nilimujua nimekaa. Miguu upande mmoja, namna hii, kikapu kwenye magoti. Hapa namuona kama mutu wa juu ya mabati."

Nilikuwa na jibu refu, lenye Muzee Pontiani ndani yake. Sikulimaliza, kwa sababu Madamu Spesi alikuwa ameshatoka nje bila viatu. Alirudi na taxi-velo nzima: kimto chekundu, kengele, na mwenyewe, kijana aitwaye Eliya, aliyekataa velo yake iingie mahali ambapo yeye hajaingia.

"Shusha," Madamu akaniambia.

"Madamu, kanuni..."

"Shusha zote."

Nikalegeza mafundo. Migongo ikateremka mmoja mmoja mpaka mahali ambapo mgongo wa mtu aliyekalia velo unakuwa. Eliya akasogeza gurudumu la mbele mpaka karibu na ukuta, akashika usukani, na watu wakaanza kupanda nyuma, wakitazama, wakishuka.

Mimi nimeona maonyesho, lakini yale sikuyaona tena. Mtu akikaa pale, mwili wake wote ulikuwa ukikumbuka kabla yake. Mama mmoja alijishika kimto kwa mikono miwili, akasema, "Polepole hapa, kuko mchanga." Mwingine akafumba macho penye kona. Mzee mmoja alikaa, akautazama mgongo wa Bukuru kwa muda, akashuka, akashukuru kwa murakoze, akatoka nje, na baadaye wakamkuta barabarani akiuliza kwa nini Gatete imefanana hivi na Rumonge. Foleni ikafika nje. Eliya alikuwa hajawahi kubeba watu wengi namna ile bila kukanyaga pedali, na alilalamika amechoka.

Mama Hadija ndiye aliyeanzisha habari ya velo, na ndiye aliyekuwa anawapisha wengine. "Tangulieni, tangulieni." Mpaka foleni ikaisha, akabaki yeye na Melkiyori na ule mgongo mwembamba wenye kofia.

Tulimpandisha, mimi mkono huu, Melkiyori mkono ule. Akapanga kanga yake, akaweka miguu upande mmoja, akaweka kikapu magotini. Akatazama. Hata mafuta yaliacha kutoka ukutani.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini, mama?" Madamu akauliza.

"Hapana yeye." Alinyoosha kidole pale juu ya bega la yule kijana. "Hapa naona barabara. Naona na ziwa. Nikiwa nyuma ya Saidi, mimi barabara sikuona hata siku moja. Tulikuwa tunafika tu." Akamgeukia Melkiyori. "Mwanangu, huyu iko baba yako. Nimekusumbua bure."

Mngedhani Melkiyori angefurahi. Alisimama pale ameshika usukani upande mmoja, anatazama chini, Kiswahili chake chote kimemwishia. "Samahani, mama," ndiyo aliyoyapata.

Mimi nikanyoosha mkono nimsaidie kushuka. Akaupiga kwa upole.

"Si kuko zingine? Mupite nayo."

"Nyingine zote zina majina, mama."

"Eliya, sukuma."

Eliya akasukuma. Velo ikaondoka kwa Nestori, ikapita kwa Bukuru, ikapita kwa wale waliokwisha kukubaliwa na familia zao, Mama Hadija amekaa amenyooka, anawaangalia kama mtu anayepita sokoni bila nia ya kununua. Tukafika mwisho wa ukuta, pembeni kabisa. Pale nilikuwa nimetundika mchoro pekee usio wa mgongo. Niliuweka uwe mapumziko ya macho, maana hata migongo inachosha. Ulikuwa mlima. Mlima mkubwa wa duara, unaojaza karatasi mpaka kingo zote nne, kijito kinashuka katikati, na vijumba vitatu vya mraba vimeshikilia mteremko. Etiketi yake ilisema: "Mlima wenye nyumba, karibu na Magara." Watu wengi walikuwa wameusifu kwa utulivu wake.

Mama Hadija akaweka mkono juu ya bega la Eliya ili asimame.

Aliinama mbele mpaka kikapu kikabanwa. Kisha akaanza kuongea, lakini si na sisi.

"Hiki nilikishona na sketi yangu ya zamani," akasema, akionyesha nyumba ya kwanza. "Hiki ni shati la shule la mutoto. Na hiki nilikuambia usivae shati hili tena mbele ya watu, kiraka kimefika kwenye kiraka, ukasema huko nyuma hakuna mutu anaangalia." Kidole chake kikafuata kile kijito, kwa mbali, bila kugusa kioo. "Na jasho lako hili. Kila siku Jumatatu nafua, kila siku Jumatatu."

Niliuangalia ule mlima. Vijana, niliupakia kwenye kasha kwa mikono yangu, nikaufungua, nikaufuta vumbi, nikaupima kwa nivo. Uligeuka mbele yangu ukawa mtu, na ukishakuwa mtu hauwezi kuwa mlima tena, hata ujitahidi. Hata mabega yalikuwapo. Yule shahidi wa mlango wa msikiti, ambaye alikuwa bado amesimama nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Nilipunguza."

Madamu Spesi alibandua etiketi ya mlima kwa ukucha, akachukua nyingine nyeupe, akauliza jina kamili la marehemu, akaandika palepale amepiga magoti kwenye sakafu yenye mafuta. Nguo yake ile haikupona. Mama jirani mmoja akatumwa mbio kuwaita wajukuu, waliokuwa wanatoka shule.

Hapo ndipo tukasikia honi. Kamyo imepata mazutu, na mazutu ikipatikana haimwiti mtu mara mbili. Dereva anaweza kuondoka na makasha matupu kwa furaha tu.

"Mama," nikasema, "tunafunga. Nikushushe."

"Unishushe wapi? Hatujafika."

Nikamtazama Madamu. Madamu akatazama dari. Basi tukaanza kufunga kutoka upande wa pili, mlangoni, mgongo mmoja mmoja: karatasi laini kwanza, kisha kitambaa, kisha kasha, pembe zikilindwa na sponji. Melkiyori alibeba wa baba yake mwenyewe mpaka kwenye kamyo, ameukumbatia kama mtoto anayetoka hospitali. Honi ikapiga. Tukafunga polepole zaidi, na mimi nawaambia, hakuna kazi niliyowahi kuifanya vizuri namna ile.

Wajukuu wakaingia na sare zao, wanahema, wanateleza kwenye mafuta. Mkubwa akasoma etiketi kwa sauti, jina lote, kama darasani. Wengine wakajipanga kando ya velo, wakautazama ule mgongo mpana wenye viraka vitatu. Wa mwisho, kasichana kadogo ambako hata kusoma kalikuwa hakajui, kakamvuta bibi yake kanga.

"Bibi, kichwa chake kiko wapi?"

Maana mchoro ulikuwa umeishia mabegani, karatasi haikumtosha.

"Iko kule juu," akasema Mama Hadija. "Anaangalia barabara."

Mtoto akainua shingo, akatazama juu ya fremu, kwenye mbao za paa, pale nilipofunga uzi wangu. Akatazama sana. Nasi wote tukainua shingo, mimi na Eliya na Madamu na makasha mikononi, tukatazama pamoja naye.